UZI: Shimo la choo, mawe ya 2002, na swali la mtoto: dunia ilianzaje?

Prof_wa_Murara
Wana Goma na majirani wote, jambo. Uzi huu utakuwa mrefu. Mwenye usingizi alale, atausoma kesho.

Nimenunua parsele (kiwanja) ndogo upande ule uliofunikwa na lava ya volkano yetu, Nyiragongo, mwaka 2002, na kazi ya kwanza, kama kawaida yetu, ni shimo la choo. Asiyekaa Goma hawezi kuelewa. Kwenu shimo ni jembe na siku mbili. Huku ni mtaimbo, patasi, nyundo ya kilo 5, na vijana wawili ambao jioni mikono inawatetemeka hata kushika kikombe. Hii ni wiki ya tatu, tumeshuka mita moja na kitu.

Juzi mwanangu mdogo aliokota kipande kilichoruka kwenye nyundo. Upande mmoja kizito na laini, upande mwingine vitundu vitupu, kama mkate uliozidishwa hamira. Akaingiza kidole kwenye kitundu kimoja: "Papa, humu kulikuwa na nini?" Nikamwambia hewa; gesi ilikuwa inatoka, jiwe likaganda kabla haijamaliza. Akanyamaza kidogo. "Basi dunia yote ilikuwa hivi? Na kama kila kitu kilikuwa moto, sisi tulitokea wapi?"

Mimi ni prof wa kemia. Nilimpa jibu la kalasi, la dakika mbili, akaenda kucheza. Usiku nikaona nimemdanganya. Naandika hapa nilichopaswa kumwambia, mnisahihishe.

Kwanza, jiwe la Goma ni changa mno. Lile alilolishika linalingana umri na dada yake mkubwa. Dunia yenyewe ina miaka bilioni 4.54. Ilianza kama vumbi na gesi zikilizunguka jua lililokuwa bado changa. Vumbi likashikana likawa kokoto, kokoto zikawa majabali, majabali yakagongana yakawa sayari. Kila mgongano ulileta joto. Chuma kizito kikayeyuka kikazama katikati, na hadi leo kiini cha dunia ni chuma. Mawe mepesi yakabaki juu yakiwa uji wa moto. Kisha, wanavyokubaliana wataalamu wengi, jabali kubwa kama sayari ya Mirihi likaigonga dunia, na mabaki yaliyorushwa angani yakajikusanya yakawa mwezi.

Kwa hiyo ndiyo, mwanangu, ilikuwa hivi. Ila si mtaa mmoja kama 2002. Dunia yote, hakuna pa kukimbilia.

Chukudu_Express
Prof, bilioni nne na nusu mlihesabia wapi? Kwetu Masisi hata mwaka aliozaliwa babu hatuujui, tunasema tu "wakati wa Wabelgiji".

Prof_wa_Murara
Chukudu, wewe unabeba makala (makaa) kila siku, nitakujibu kwa makala.

Ukute jiko linawaka, na ujue makala yanakwisha kwa kasi gani. Ukipima majivu na makala yaliyobaki, utajua moto uliwashwa saa ngapi. Sharti ni moja: jiko liwe lilianza bila majivu. Sasa kuna punje ndogo ngumu inaitwa zirkoni. Inapoganda ndani ya jiwe inakubali kumeza urani lakini inaikataa risasi (zote ni metali). Urani nayo inageuka risasi polepole. Nusu yake inahitaji miaka bilioni 4.47, kisha nusu ya iliyobaki tena muda uleule. Risasi utakayoikuta ndani ya zirkoni ndiyo majivu.

Shida ni kwamba dunia imekula mawe yake ya mwanzo. Kama sisi hapa: lava ya 2002 imelala juu ya mitaa, na chini ya mitaa kuna lava nyingine za zamani. Ndiyo maana Mmarekani Clair Patterson, alipotaka umri wa dunia yenyewe, alipima risasi iliyo ndani ya vimondo, mabaki ya vumbi lilelile ambayo hayakuwahi kupikwa upya. Mwaka 1956 akatoa jibu: bilioni 4.55. Miaka yote hii imepita na namba yake haijasogea sana.

MamaFuraha_Birere
Prof mimi sina masomo mingi lakini hiyo uji ya moto niliiona na macho yangu. 2002 tulikimbilia Gisenyi, Rwanda, na magodoro kichwani. Siku ya tatu njaa ikashinda woga, tukarudi. Mawe ilikuwa nyeusi juu, unafikiri imekufa, kumbe ndani ingali nyekundu. Viatu ya mtoto wangu ilishika chini kama chingamu. Mvua ikinyesha, moshi nyeupe inapanda mtaa muzima, huoni jirani.
Sasa swali yangu: kama dunia yote ilikuwa vile, maji ya ziwa na ya bahari ilitoka wapi? Si ingekauka yote?

Prof_wa_Murara
Mama Furaha, huo moshi mweupe ulioona ndio mwanzo wa jibu. Maji hayakauki yakapotea, yanapanda mvuke, na mvuke ukipoa unarudi. Maji mengine yalifungwa ndani ya mawe yenyewe yakatoka kupitia volkano. Vile vitundu vya mwanangu vilitengenezwa na mvuke na hewa ya ukaa. Sehemu nyingine ililetwa na vimondo vyenye maji. Kila upande una kiasi gani, wataalamu bado wanavutana.

Kinachonishangaza mimi ni haraka yake. Kipindi cha kwanza cha dunia wanajiolojia walikiita Hadeani, kutoka jina la kuzimu ya Wagiriki, kwa sababu waliamini ilikuwa jehanamu muda wote. Kisha mwaka 2001 zikatangazwa zirkoni za Jack Hills, Australia magharibi, moja ina miaka bilioni 4.4. Oksijeni iliyomo ndani yake ina alama ya jiwe lililowahi kukutana na maji. Yaani miaka milioni mia na kitu tu baada ya ule uji wa moto, pengine kulikuwa tayari na maji juu ya ardhi.

Mtumishi_wa_Bwana
Ndugu zangu, mnajisumbua bure. Mwanzo sura ya 1: Roho ya Mungu ilitulia juu ya uso wa maji. Mambo yote yapo. Prof unawafundisha watoto wetu kwamba walitoka kwenye volkano?

Dada_Maabara
Mtumishi, kwa heshima. Aliyeandika kwamba ulimwengu wote ulianza kutoka kitu kimoja kidogo kisha ukatanuka alikuwa padri, Georges Lemaître, Mbelgiji wa Leuven. Asubuhi misa, mchana hesabu. Hakuona vikigombana. Uacheni uzi uendelee.

Mtumishi_wa_Bwana
Sijakataa. Nimeuliza. Naendelea kusoma.

Prof_wa_Murara
Mtumishi, karibu, na la volkano ndilo nilikuwa nalifikia. Sidhani tulitoka kwenye volkano. Sisi Goma tuna kosa moja: asubuhi kila mtu akitoka nje anatazama mlima, kama unatoa moshi, kama usiku kulikuwa na wekundu. Ziwa Kivu tunalipa mgongo. Kuhusu moto wa mwanzo, sawa, tazama Nyiragongo. Kuhusu uhai, geuka.

Mwaka 1977 wazee wetu wanaujua kwa jambo moja: tarehe 10 Januari ubavu wa Nyiragongo ulipasuka, ziwa la lava likamwagika kwa muda usiofika saa moja, likakimbia kama maji na kufunika vijiji. Sasa sikieni mengine ya mwaka uleule.

Februari, Bahari ya Pasifiki, karibu na visiwa vya Galápagos. Wanasayansi wakiwa na chombo cha kuzamia kiitwacho Alvin wanafika mita 2,500 chini na kukuta maji ya moto yakitoka kwenye nyufa za lava. Kuzunguka nyufa hizo kumejaa kaa, kome na minyoo mirefu. Jua halijawahi kufika pale. Wanakula nini? Wanategemea vijidudu vinavyoishi kwa gesi zinazotoka mwambani. Maisha mazima bila jani hata moja.

Novemba, Carl Woese na George Fox wa Chuo Kikuu cha Illinois wanatangaza kwamba vijidudu vinavyotengeneza methani, ambavyo kila mtu alivihesabu kuwa bakteria, si bakteria kabisa. Walisoma maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kila chembe hai, wakakuta ukoo wa tatu. Leo tunauita arkea.

Na hao arkea wa methani wako wapi? Shuka Kituku, simama ufukweni. Wako mbele yako, chini. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 hivi, lakini oksijeni inaishia kama mita 60 kutoka juu. Wale samaki wadogo, sambaza, wote mnaokula wanaishi ndani ya tabaka hilo jembamba. Chini yake ni giza, chumvi, na gesi iliyobanwa na uzito wa maji kama soda kwenye chupa: kilomita za ujazo 300 hivi za hewa ya ukaa na 60 za methani. Hewa ya ukaa nyingi inapanda kutoka kwenye miamba ya volkano. Sehemu ya methani inatengenezwa na arkea wanaochukua hewa hiyo ya ukaa na hidrojeni, wakaunganisha, wakapata nguvu ya kuishi na kuachia methani kama sisi tunavyoachia pumzi. Kwa methani hiyo wenzetu wa upande wa Kibuye, Rwanda, wanawasha umeme wa megawati 26 tangu 2016.

Huo ni miongoni mwa upishi wa kale kabisa tunaoujua. Hao ndio mababu.

Dada_Maabara
Prof, hapo simama. Wewe ni mkubwa wangu lakini nitakusahihisha mbele za watu.

Si mababu, ni binamu. Arkea wa Kivu wamezaliwa leo kama mimi na wewe, nyuma yao kuna miaka bilioni zilezile zilizo nyuma yetu. Walichobaki nacho ni mtindo wa zamani, kama shangazi anayepika kwa mafiga mpaka leo. Huwezi kusema shangazi ndiye bibi wa bibi. Pili, methani ya Kivu si yote ya hidrojeni. Nyingine inatoka kwenye mabaki ya viumbe yanayozama na kuoza. Tatu, hata kiumbe wa kale kabisa ambaye sisi, uyoga, arkea na bakteria sote tunatokana naye, tayari alikuwa na urithi na mashine ya kuusoma. Huyo si mwanzo. Nyuma yake kuna safari ndefu kutoka kemia hadi uhai, na hiyo hakuna aliyeirudia maabara kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Vipande tunavyo. Stanley Miller mwaka 1953 aliweka methani, amonia, hidrojeni na mvuke ndani ya chupa, akapitisha cheche za umeme, na baada ya siku chache akakuta asidi amino, yale matofali ya protini. Watu wakashangilia. Baadaye ikaonekana hewa ya kale pengine haikuwa ile. Ilikuwa zaidi hewa ya ukaa na naitrojeni, na kwa hewa hiyo mavuno yanapungua sana. Lakini kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969, kilikuwa na asidi amino ndani yake, na huko angani hakuna aliyeweka chupa. Matofali si tatizo. Nyumba ndiyo tatizo.

Prof_wa_Murara
Nimepigwa, nakubali. Binamu.

Kijana_Katana
Jambo kutoka upande wa Bukavu. Sisi hatuna volkano inayowaka lakini tuna chemchemi za Kankule, hapa Katana. Unaingiza kidole unakitoa mbio. Pembeni ya maji kuna utelezi wa rangi, kijani, kahawia, mwingine kama kutu. Utotoni tuliambiwa ni uchafu. Kumbe ni hao vijidudu? Na uhai haukuweza kuanzia mahali kama hapo badala ya chini ya bahari?

Dada_Maabara
Kijana, umenigusa penyewe. Mimi niko upande wako. Kuunganisha matofali yawe mnyororo mrefu, kila kiungo kinataka kutoa tone la maji. Ndani ya bahari, maji yamejaa kila mahali, mnyororo unakatika kuliko unavyoungana. Pembeni ya chemchemi kuna kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, na kila mara vitu vinabaki vimeshikamana zaidi. Darwin mwenyewe aliandika mwaka 1871, katika barua kwa rafiki yake Hooker, kuhusu kidimbwi kidogo chenye joto. Na katika mawe ya Dresser, Australia, yenye alama za viumbe wa miaka bilioni 3.48, mwaka 2017 walitangaza dalili za chemchemi za moto za nchi kavu.

Prof_wa_Murara
Nami nabaki baharini, tutagombana vizuri. Mwaka 2000, chini ya Atlantiki, walikuta mahali wakapaita Lost City, minara ya chokaa inayotoa maji yenye hidrojeni. Hakuna lava hapo. Mwamba wenyewe ukikutana na maji unaitoa. Ndani ya minara kuna vyumba vidogo vidogo, na kati ya maji ya ndani na ya nje kuna tofauti ya kemikali inayofanana na ile ambayo kila chembe hai, hata ya mwili wako, inaitumia kupata nguvu. Chakula kipo, moto wa jikoni upo, vyumba vipo. Dada ana mnyororo, mimi nina jiko.

Dada_Maabara
Jiko bila mpishi.

Chukudu_Express
😂😂 Prof funga duka.
Lakini mimi nina swali la mzaha ambalo si mzaha. Mlisema hewa ya kale ilikuwa hewa ya ukaa. Si ndiyo hiyohiyo mazuku, ile gesi inayoua? Kule Mugunga mbuzi wa jirani aliingia kwenye kishimo asubuhi kutafuta majani, hakutoka. Mbwa akamfuata, naye hivyohivyo. Jirani alisimama palepale, hakupatwa na kitu.

Prof_wa_Murara
Hiyohiyo. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inapitia nyufa za lava na kutulia mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Aliyesimama kichwa chake kiko juu yake. Mbuzi, mbwa na mtoto mdogo wamezama. Ukiona panzi na ndege wamekufa kwenye kishimo, usiiname kuwaokota. Nawaomba wenye watoto walisome hilo mara mbili.

Na ndiyo, Chukudu, kwa mapafu yetu dunia ya mwanzo yote ilikuwa mazuku. Karibu nusu ya umri wake ilikuwa hivyo. Ungeshuka pale ungeanguka dakika chache. Vijidudu vya wakati ule vilikuwa nyumbani.

Mchimba_Watsa
Nasoma kimya tangu jana, acheni niongeze jiwe langu. Nafanya kazi upande wa Kibali, kwenye dhahabu. Kule kuna mwamba wa mistari: mstari mweusi wa chuma, mstari wa jiwe gumu jeupe-kijivu, mweusi tena, membamba kama kurasa za kitabu kilicholowa. Ukisogeza sumaku kwenye mstari mweusi inanasa. Mjiolojia wetu alituambia ulitandikwa chini ya bahari zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Nilimuuliza chuma kilifikaje baharini, akaitwa kwenye redio, akaondoka.

Prof_wa_Murara
Mchimba, asante! Sasa nitajibu kwa niaba yake, na jibu liko karibu na Sake, amini usiamini.

Bahari ya kale haikuwa na oksijeni, kwa hiyo chuma kiliyeyuka ndani yake kama chumvi kwenye mchuzi, hukioni. Kikikutana na kitu cha kukipa kutu, kinaganda na kuzama. Kitabuni wanasema ni oksijeni ya vijidudu vya kijani vilivyojifunza kupasua maji kwa mwanga wa jua. Ndivyo vilivyoijaza hewa oksijeni, kuanzia kama miaka bilioni 2.4 iliyopita. Lakini mwamba wako ni wa kabla ya hapo. Nani alitia kutu?

Nendeni ghuba la Kabuno, ile kona ya Ziwa Kivu karibu na Sake, iliyozibwa na lava ikabaki kama chumba cha pembeni. Kuanzia mita 10 hivi kwenda chini hakuna oksijeni, na maji yamejaa chuma kilichoyeyuka. Mwaka 2015 watafiti walichapisha walichokikuta pale: bakteria wanaotumia mwanga hafifu wa jua kuchukua chuma hicho na kukigeuza kutu, bila kutoa oksijeni hata kidogo. Yaani wanakula jua na chuma. Kwa hiyo mistari ya zamani iliweza kutandikwa kabla hewa haijabadilika. Watu wametoka Ulaya kuja kutazama bahari ya miaka bilioni 3 iliyopita ndani ya ghuba ambalo sisi tunapita na pikipiki tukienda kuchukua viazi.

MamaFuraha_Birere
Kabuno ile ile? Dada yangu ameolewa kule. Anafulia hapo.

Dada_Maabara
Ileile mama. Anafulia juu, wao wako chini.

Mtumishi_wa_Bwana
Prof, nimesoma yote. Nitauliza moja tu: shimo limeisha?

Prof_wa_Murara
Mtumishi, leo saa 9 mchana. Lava ya 2002 imekwisha kwenye mita 1 na sentimita 70. Chini yake tumekuta udongo mwekundu uliookwa kama tofali, unene wa kiganja, na ndani yake mizizi imegeuka makala, ukiigusa inabaki unga kwenye vidole. Nadhani lilikuwa shamba la mtu. Vijana wakafurahi wakidhani sasa ni jembe tu.

Nyundo ya pili ikagonga jiwe tena. Lava nyingine, ya kijivu zaidi, vitundu vyake vidogo. Mtoto ameniuliza hii ni ya lini, nikamwambia achukue kipande akiweke dirishani pembeni ya kile cha kwanza. Vijana wanataka kuongezwa pesa.